Safari Mia na Ishirini za Punda

Karatasi imekunjwa mara nne, ina alama ya kidole cha chokaa.
Fundi Famau ameiacha chini ya mkebe wangu wa sindano,
kwa adabu, bila kunitazama.

*Dari ya Bi Mwanashee, Mkomani.*
*Boriti, korija moja.*
*Chokaa, magunia thelathini.*
*Mchanga, safari za punda mia na ishirini.*
*Ufundi na kibarua, siku ishirini: elfu ishirini.*
Jumla imepigiwa mistari miwili,
kana kwamba mmoja usingeuhimili uzito wake.

Ndugu yangu Twalib, kwa simu kutoka Mombasa:
"Wezi hao, dada. Kata nusu!"
Twalib hakulala chini ya dari hii
usiku ule jiwe lilipochomoka
likavunja birika, likanibakisha mimi.
Nusu ya nini, Twalib?
Nusu ya dari haizuii nusu ya mvua.

Nikatwaa futi ya kushonea,
hii nipimiayo vichwa vya wateja wa kofia,
nikaitambaza sakafuni: mara nne na kitu urefu,
mara mbili upana, kasoro shibiri.
Nikalala chali nikahesabu boriti.
Ishirini na mbili. Nikapanda ngazi, nikazigonga moja moja
kama mtu agongaye nazi sokoni:
tatu zaitika, kumi na tisa ni unga wa mchwa.
Korija ni ishirini. Moja ya akiba.
Hapo fundi hana deni.

Nikamfuata Lali, anayeshusha mizigo gatini.
Mia mbili kwa safari, akasema, hadi Mkomani kwenye kilima.
Nilipomtajia idadi alicheka hata punda akageuka.
"Mtanga safari mia na ishirini? Wajenga ngome, Bi?
Nyumba ya Bwana Bunu, dari pana kuliko yako,
nilipeleka arubaini, na mwingine ukabaki
paka wakaufanya choo."

Themanini zimezidi. Elfu kumi na sita.
Nilirudi kichochoroni nikiyapanga maneno,
makali, ya kumwaga mbele ya watu.

Lakini mkono una tabia zake.
Ulichukua kofia, ukaanza kutoboa kitobo,
na jicho likaurudia mstari wa mwisho:
siku ishirini, elfu ishirini.
Yaani elfu moja kwa siku, yeye na mwanawe,
juani, juu ya paa, na chokaa ikiwala vidole.
Nani huyu aibaye mchangani
na kujiibia mwenyewe?

Alipokuja nilimuuliza. Akaitazama miguu yake.
"Ufundi nikiuandika kamili, Bi, watu huukata.
Mchanga hawaukati.
Mchanga wanaona punda akipita."

Nikaona haya, si kwa ajili yake.
Miezi minne naidarizi kofia moja,
na mteja akiuliza bei nasema: uzi umepanda.
Kila mwaka uzi wangu hupanda.
Macho yangu sijapata kuyaandikia bei.

"Lete kalamu," nikamwambia.
Mia na ishirini nikaifuta, nikaandika arubaini.
Ishirini elfu nikaifuta, nikaandika thelathini na sita.
Jumla haikusogea hata senti,
ila sasa mtu aliweza kuisoma.

Kisha nikakata magunia mawili ya chokaa,
maana nilipima, na maana mimi si mfuko wa sadaka.
Famau akasema, "Sawa," papo hapo.

Upesi mno.
Mpaka leo, nikilala chali chini ya boriti mpya,
najiuliza kama yangekuwa manne.